Shahada ya Mheshimiwa na Hema la Harusi

Nyumbani kwetu, mtu akitaka kitu kikubwa kinunuliwe kwa fedha za biashara, lazima asimame mbele ya familia akipinge. Ndiyo, umesikia vizuri. Anayetaka ndiye anayepinga, na asiyetaka ndiye anayetetea. Sheria hiyo niliitunga mimi, na siku niliyoitunga nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Sisi tunakodisha mahema, viti na vipaza sauti, na chanzo cha sheria yetu ni jenereta. Mume wangu ndiye mtu wa taa na spika, na ulimi wake ni asali tupu. Siku moja aliiona jenereta ya mtumba kwa rafiki yake, akarudi nyumbani akaisifia mpaka mimi mwenyewe nikaona tumechelewa. Tukainunua. Ikanguruma mara moja tu, kwenye harusi ya watu, ikatoa moshi mweusi ukamfunika bibi harusi na shela lake, kisha ikanyamaza. Mpaka leo iko uani. Kuku wa jirani wanatagia ndani yake, na mume wangu anadai mayai yale ndiyo faida.

Nikasema basi, kuanzia sasa mwenye hamu na kitu ndiye atakayetueleza ubaya wake, maana yeye ndiye aliyekichunguza. Na asiyekitaka atatueleza uzuri wake, ili ajue anachokikataa kabla ya kununa. Tena bila kubabaisha. Mwenye kitu akikipinga kwa uvivu, hakinunuliwi. Asiyekitaka akikitetea kwa uvivu ili makusudi ashindwe, kinanunuliwa hapo hapo na mjadala umefungwa.

Mwenyekiti na mwamuzi ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anatushonea vifuniko vya viti. Huyo hana mzaha. Mkasi wake ameufunga kamba shingoni, na mtu akianza kuzunguka mbuyu anaugonga mezani mpaka vikombe vinaruka. Kwa sheria hiyo tulinunua viti vyenye migongo imara, tukakataa gari la pili, tukanunua vipaza sauti visivyo na waya. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka siku sheria yangu iliponigeukia mwenyewe.

Binti yetu wa mwisho tunamwita Mheshimiwa. Jina alilipata angali mdogo, kwa sababu alikuwa hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutoa hotuba. Alipomaliza shule alibaki nami kwenye biashara akisubiri majibu ya vyuo. Alasiri moja tulikuwa stoo tunapanga viti vilivyorudi na matope, simu yake ikaita kidogo. Akaisoma, akakaa juu ya rundo la mazulia.

"Mama, nimepata chuo."

"Mungu mkubwa! Unakwenda kusomea nini?"

"Sayansi ya siasa."

Niliendelea kufuta kiti kilichokuwa kimeshatakata.

"Kumbe siasa ina sayansi?"

"Ipo, Mama."

"Na mkimaliza mnapewa viti bungeni, au kila mtu anajitafutia chake?"

"Mama! Si kila aliyesoma siasa anagombea. Kuna utafiti, kuna uchaguzi, kuna mashirika, kuna halmashauri..."

"Viti ninavyo mimi hapa, tena vimejaa matope. Shika kitambaa."

Akashika kitambaa, lakini niliona machoni kwake kwamba jambo halijaisha. Na mimi nilijua kwa nini. Benki tulikuwa na fedha za kitu kimoja tu. Tulizikusanya kwa kujibana ili tununue hema kubwa, lile linalosimama lenyewe bila nguzo ya katikati. Hema letu la sasa nguzo yake inasimama pale pale maharusi wanapotaka kukaa, na hakuna bibi harusi anayetaka kupigwa picha na nguzo. Harusi zote nono zilikuwa zinatukimbia. Mkopo wa wanafunzi ungefunika sehemu ya masomo, lakini ada iliyobaki, chumba na chakula vingelimeza hema letu lote, turubai na kamba zake. Na chuo kilitaka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Wifi akaitisha kikao Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya chakula cha mchana. Mheshimiwa anataka, kwa hiyo atapinga. Mimi sitaki, kwa hiyo nitatetea. Mume wangu alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Mama Mheshimiwa," akaniambia, "wewe utaitetea siasa? Siku hiyo nakaa kiti cha mbele."

Mimi nikiamua jambo silifanyi nusunusu, hata kama ni jambo la kunikata maini. Asubuhi yake nilianza kutafuta watu waliosomea kitu hicho, niwaulize wanakula nini. Na mtu anayekodisha viti hakosi wa kumuuliza, maana kila anayewakusanya wenzake lazima awakalishe mahali.

Wa kwanza alikuwa kijana anayeuza bima, ambaye alikuwa amekuja kulipia mahafali ya mdogo wake. Kumbe naye ana shahada ile ile.

"Nilituma maombi ya kazi mpaka mkono ukaniuma, mama yangu," akasema. "Mwisho nikaona niuze bima. Sijuti sana, lakini sikuisoma kwa ajili ya hii."

Nilifurahi kweli kweli. Nikatoka pale natembea kama mtu aliyepewa zawadi, mpaka nilipofika kona nikakumbuka kwamba huyo ni shahidi wa upande wa pili. Nikakasirika, nikanunua muwa, nikautafuna wote njiani.

Wa pili alikuwa ofisa wa uchaguzi pale halmashauri, mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Aliniambia mshahara wake si wa kujengea ghorofa, ila unaingia kila mwezi, iwe mvua iwe jua. Wa tatu anatangaza redioni. Yeye alisema analipwa kiasi cha kumwezesha kulalamika vizuri. Nikachanganyikiwa. Kitu gani hiki, kinamlisha huyu, kinamshindisha njaa yule, na wote wamekaa darasa moja?

Katikati ya haya nilikwenda saluni. Mama mmoja aliyekuwa anasukwa pembeni yangu, ambaye habari zote za mtaa zinapitia mdomoni mwake, akaanza.

"Nasikia mwanao anakwenda kusomea siasa. Jamani, mtoto wa kike? Si bora akasomee uuguzi, ajue moja?"

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikamwambia kwamba hata hizo dawa za hospitali kuna mtu anakaa mahali anaamua zinunuliwe au zisinunuliwe, na huyo mtu asipokuwa amesoma ndiyo maana tunaandikiwa tukanunue wenyewe. Nikamwambia na mengine. Nilisema huku nimesimama, na msusi ananifuata na kitana. Niliondoka kwa hasira kichwa kimesukwa nusu, nikarudi nyumbani nimejifunga kitambaa, na nilipojitazama kwenye kioo nikajiuliza: mama wee, umehama lini?

Nikajiambia hayo ni mazoezi tu.

Kisha ikafika zamu ya Mama Semina. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi. Karibu kila wiki anakodi viti kwenye ukumbi ule ulio nyuma ya soko. Huvaa viatu vya chini, huvikagua viti mwenyewe kimoja kimoja, na hulipa kabla hatujaanza kuvikunja. Miaka yote nilidhani ni mtu wa benki. Siku hiyo nilipompelekea viti nikamuuliza.

"Samahani, dada yangu, hivi wewe ulisomea nini?"

"Sayansi ya siasa," akasema, huku anatikisa mguu wa kiti aone kama umelegea. "Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya Mheshimiwa. Akacheka, akavuta viti viwili tukakaa.

"Sikudanganyi, dada. Miaka ya mwanzo nilikuwa naazima nauli. Baba yangu kila asubuhi ananiuliza, unaanza lini kazi, na mimi niko kazini. Nilikuwa naandika yaliyosemwa kwenye mikutano ya wenzangu. Pole pole ikafunguka. Sasa tunawafundisha watu kufuatilia fedha za kata zao, na nina vijana ninaowalipa mshahara." Akainuka. "Hiki kiti kina ufa, nibadilishie."

Nikambadilishia, nikapanda pikapu yetu nikaondoka. Njiani nikawa nawaza tu, mawazo ya mtu anayeendesha. Jumatatu viti vilikuwa wapi? Mkutano wa kata. Jumanne? Wale watafiti wanaouliza watu maswali ya maji. Leo Jumatano, Mama Semina. Kesho, mafunzo ya makarani wa uchaguzi. Harusi? Jumamosi, ikipatikana. Na msimu wa mvua, ambapo hakuna anayeoa, nani alikuwa anatukodi?

Nikakanyaga breki katikati ya barabara. Dereva wa nyuma yangu alinitukana matusi ya nguoni, na alikuwa na haki yake.

Hoja ile nikaificha moyoni. Sikujiambia kwamba nitaitumia, wala sikujiambia kwamba sitaitumia. Nyumbani nilipika, nikala, nikamuuliza mume wangu habari za nyaya zake.

Jumapili ikafika. Tulikaa sebuleni, meza katikati, Wifi na mkasi wake upande wa mlango ili asitoroke mtu. Mume wangu alikaa mbele kama alivyoahidi. Mheshimiwa alivaa gauni lake la mahafali, akasimama, akaanza kuipinga shahada aliyokuwa anaiota.

Kwa kweli aliipinga. Alianza na ada, akaja kwenye chumba, akaja kwenye vitabu.

"Tena kuna gharama ambayo watu huisahau, Shangazi," akasema. "Miaka yote nitakayokuwa chuoni, kazi ninayoifanya hapa lazima alipwe mtu mwingine aifanye. Hiyo nayo ni ada, ila haina risiti."

Mume wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaendelea. Aliyesomea umeme huanza na mshahara mkubwa kuliko aliyesomea siasa, na huajiriwa mapema. Aliyesomea siasa husubiri, na wengine husubiri mpaka wakauze bima. Hapo nilishtuka, kumbe na yeye alikuwa amemfuata kijana yule! Hema kubwa, akasema, litaingiza fedha Jumamosi ya kwanza tu litakaposimama. Na hema likitushinda tunaliuza. Shahada ikitushinda hatuwezi kumuuzia mtu.

Baba yake akapiga makofi. Mkasi ukagonga meza.

"Hapa si kwenye mpira," Wifi akasema. "Una la mwisho?"

Mheshimiwa akashusha mikono. Sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya hotuba.

"La mwisho halina hesabu, Shangazi. Hema letu haliinuki kwa mtu mmoja. Baba yuko kwenye nyaya, wewe uko kwenye cherehani. Mama anashika nguzo ya upande huu na mimi ya upande ule. Nikiondoka ataishika nani? Na tukirudi jioni, vituko vya wateja atavicheka na nani? Sheria inasema niseme ubaya wote. Huo ndio ubaya ninaouogopa mimi, na sijui unalipwaje."

Akakaa. Hakunitazama.

Mimi nilibaki nimekaza macho kwenye kitambaa cha meza. Ndipo nilipojijua. Siku zote zile nilikuwa nasema ada, nasema mshahara, nasema siasa haina mbele wala nyuma. Kumbe nililitaka hema kwa sababu hema linalala nyumbani. Nilimpenda mtoto yule na sikutaka aende, basi, hakuna sayansi yoyote hapo.

Na kazi ilikuwa imekwisha. Nilichotakiwa ni kusimama, nimtaje ofisa wa uchaguzi na suruali yake, nimtaje mtangazaji, nikae. Wifi asingeweza kusema nimetetea kwa uvivu. Hema lingenunuliwa, na Mheshimiwa angekuwa kesho stoo na mimi, tunafuta matope.

Nikasimama. Nikamtaja ofisa. Nikamtaja mtangazaji. Kisha nikamtazama mwanangu. Alikuwa amekaza midomo vile vile alivyokuwa akiikaza utotoni akidungwa sindano, ili asilie mbele za watu. Nikashindwa kukaa.

"Nina swali," nikasema. "Msimu wa mvua uliopita, nani alitulisha?"

Watu wakatazamana.

"Mayai?" mume wangu akauliza.

Hata Wifi alicheka, akajifanya anakohoa.

"Harusi hazikuwepo," nikasema. "Viti vilitoka kila siku, na hema dogo likatoka, na spika zako zikatoka. Walivikodi nani? Mkutano wa kata. Watafiti wa maji. Makarani wa uchaguzi. Mama Semina. Nimewauliza, nimefuatilia. Wengi wa wanaoitisha mikutano hiyo wamesomea hicho hicho Mheshimiwa anachotaka kusomea. Wengine waliteseka kwanza, sitawaficha. Waliazima nauli. Lakini hema kubwa litatuletea harusi za Jumamosi, na siku nyingine zote tunakula kwa watu hao. Nyumba hii tayari inaishi kwa shahada hiyo, ila ni shahada za watoto wa wenzetu."

Mheshimiwa aliinua uso. Hilo hakuwa amelijua, nililiona wazi.

"Na nguzo?" Wifi akauliza taratibu. "Yeye kasema habari ya nguzo. Hujamjibu."

"Nguzo ataishika baba yake. Aache kujificha kwenye nyaya." Sauti ikanikatika, nikajikaza. "Na vituko vya wateja nitamsimulia kwa simu. Vocha ataninunulia yeye."

Wifi alitutazama mmoja mmoja, akaugonga mkasi mara moja, safari hii polepole.

"Shahada imepita. Hema litasubiri."

Mheshimiwa alinirukia shingoni mpaka kiti kikaanguka. Tukalia, tukacheka, tukalia tena. Halafu likazuka tatizo lingine. Kawaida yetu ni kwamba aliyeshindwa ananunua soda, na hakuna aliyeweza kusema nani kashindwa. Mheshimiwa alishindwa hoja akapata alichotaka. Mimi nilishinda hoja nikapoteza nilichotaka. Tulibishana mpaka Wifi akachoka, akamtuma mume wangu akanunue soda, kwa kosa la jenereta.

Mheshimiwa alipoondoka kwenda chuoni, sikuwa na raha. Sitajifanya. Mume wangu alishika nguzo ya upande ule, na kila tulipoinua hema alitoa mguno kama anayezaa. Jioni nilikuwa nageuka nimwambie Mheshimiwa neno, nakuta rundo la mazulia. Lakini simu iliita, na vituko nilisimulia, na kazi ya viti haikupungua.

Kisha siku moja akapiga yeye, kwa sauti ya kiofisi.

"Mama, chama cha wanafunzi wa idara yetu kina mdahalo. Tunahitaji viti mia moja na vipaza sauti. Utatupunguzia?"

"Mheshimiwa, bei ni ile ile, na usafiri juu yenu."

"Mama!"

"Hesabu za gharama ulizitoa mwenyewe kikaoni."

Tulipakia alfajiri, mimi na baba yake, na safari ilikula asubuhi nzima kwa sababu pikapu yetu haina haraka na mtu. Tulipanga viti kwenye ukumbi, mume wangu akafunga spika zake, na kijana wao wa fedha akanilipa mkononi. Nilizishika noti zile kwa muda kabla ya kuzitia kwenye pochi. Hayo ndiyo yalikuwa mapato ya kwanza ya shahada ile, na yaliingia kwangu.

Walikodi viti mia moja. Mimi nilikuwa nimepakia na kimoja cha ziada. Nikakifungua nyuma kabisa, karibu na mume wangu, nikakaa.

Mheshimiwa akapanda jukwaani na kipaza sauti kisicho na waya, kile tulichokinunua kwa sheria yetu. Mada yao ilikuwa kama shahada hii ina faida au ni hasara tupu.

"Kabla hatujaanza," akasema, "kwetu nyumbani kuna sheria. Anayeamini jambo ndiye anayelipinga, na asiyeamini ndiye anayelitetea. Kwa hiyo wote mnaoona shahada hii ina faida, hamieni upande wa kulia, mkaipinge. Mnaoiona ni hasara, njooni kushoto, mkaitetee."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na malalamiko. Viti vyangu vikaburutwa huku na huku, na mimi moyo unaniuma kwa ajili ya miguu yake. Vumbi lilipotulia, amebaki mtu mmoja tu ambaye hakuhama.

"Na yule mama wa nyuma kabisa," Mheshimiwa akasema, na spika za baba yake zikapeleka kicheko chake ukumbi mzima, "yeye yuko upande gani?"

Watu wote wakageuka. Nikainuka, nikakibeba kiti changu kichwani, nikavuka ukumbi mzima, nikaenda kukaa kulia, upande wa wanaopinga.